Sanduku Tupu la Osmerby

Lakiri ilikatwa saa nne asubuhi mbele ya mawakala wote. Sanduku la kura la kijiji cha Osmerby halikuwa na hata karatasi moja.

Ukumbi wa kuhesabia ukaangua kicheko. Uchaguzi mdogo wa kamishna wa kusimamia polisi, nani angetoka kwake na mvua ile? Msimamizi wa kituo, Desmond Lathbury, sajini mstaafu, alisema alishinda kutwa kituoni peke yake akijaza fumbo la gazeti. Hata msaidizi wake, yeye mwenyewe alimwambia abaki nyumbani.

Mwanamke mmoja hakucheka.

"Nilipiga kura jana saa moja asubuhi," Bronagh Pask alimwambia Inspekta Tolhurst. "Msinifanye mwehu. Mmeshanifanya mwehu miaka mitatu."

Inspekta alimjua. Binti yake Keeley, miaka kumi na tisa, alifia selo ya polisi. Ikaandikwa maradhi, jalada likafungwa. Mgombea mmoja tu aliahidi kulifungua, na sasa alikuwa nyuma kwa kura ishirini na sita.

Tolhurst alikagua daftari la wapiga kura. Hakuna jina lililopigwa mstari. Kurasa zilikuwa safi mno, kama zimetoka kuchapishwa asubuhi hiyo.

"Ulikwenda na nani, mama?"

"Na Biscuit. Mbwa wangu. Nikampiga picha mlangoni, kama kila mtu."

Kama kila mtu. Tolhurst aliingia garini na simu yake. Siku ya kura watu hawa hawajipigi picha. Huwapiga picha mbwa wao nje ya kituo, kisha huzituma mtandaoni. Nusu saa baadaye alikuwa na mbwa kumi na mmoja, wote wameloa, wote kando ya bakuli moja la buluu.

Lathbury aliletwa kuhojiwa. Akaomba chai, akaketi kama yuko kwake.

"Walikuja wangapi, Desmond?"

"Nimeshasema, afande. Hakuna."

"Hata mbwa?"

Akatabasamu. Tolhurst akapanga picha mezani.

"Bakuli la nani?"

"Langu."

"Na huyu anayemimina maji?"

Tabasamu likakauka. Sura ilikuwa yake, wazi kabisa, ameinama mbele ya Biscuit.

Kura arobaini na tatu zilikutwa kwenye gari lake, chini ya gurudumu la akiba, pamoja na daftari halisi. Alitaka kuzichoma, alisema, mkono ukakataa. Amesimamia chaguzi tangu astaafu.

"Kwa nini?"

Alikisukuma kando kikombe cha chai.

"Yule mgombea angelifungua jalada. Zamu ilikuwa yangu. Yule binti alibonyeza kengele akiomba maji. Mara nne. Nikaandika kwamba amelala."

Tolhurst alikumbuka sherehe ya kustaafu kwa Lathbury. Alikula keki ya mtu huyu. Alimpigia makofi. Akazisukuma picha mpaka zikamgusa Lathbury vidole.

"Mbwa kumi na mmoja, Desmond. Na hakuna hata mmoja aliyeomba."

Bronagh alikuwa akingoja barazani na Biscuit miguuni. Tolhurst alimweleza yote, hata kengele. Kura zile zilizofichwa, alisema, sasa zitaamuliwa na jaji.

Bronagh alimshika mbwa masikio, muda mrefu.

"Hilo la kengele," alisema. "Liandike. Mara nne. Nikiwa hapa, nione."

Tolhurst akalileta jalada la Keeley Pask, akalifungua juu ya magoti yake, akaandika.