Gogo la Mwisho

Mfupa wa kwanza ulitoka na koleo, saa tatu asubuhi. Wafuga kuku wawili walikuja na mkokoteni kuchota unga wa mbao kwenye lile lundo nyuma ya kiwanda, wakatandike mabandani, na yule mrefu akadhani kachimbua mzizi. Akauvuta. Mzizi gani una vidole?

Mbio zao ziliishia kwa Koplo. Wangemwendea nani mwingine? Mji ule ulibaki na majiko mawili tu yanayotoa moshi: la Koplo na baba yake, na la mama yake mdogo. Nyumba nyingine zote zimeng'olewa mabati, popo ndio wenye nyumba. Koplo alipostaafu polisi alirudi pale kwa sababu mzee wake alikataa katakata kuhama.

Akachimba mwenyewe, taratibu, kwa mikono. Lundo ukilikata ubavuni lilikuwa kama magodoro yaliyopangwa. Chini, unga mweupe, maana kiwanda kile kilipasua mbao nyeupe miaka yote. Mifupa ililala juu ya ule mweupe. Juu ya mifupa, tabaka moja la unga mwekundu, nene. Juu ya hapo, majani na miaka.

Mkono wa kushoto ulikosa vidole viwili. Hiyo haikumsaidia kitu. Wanaume wa kiwanda kile ungewapanga mstari, mwenye vidole kumi kamili angekuwa mhasibu peke yake. Kilichomshtua ni mkanda wa suruali: kipande cha mkanda wa mashine, kimeshonwa kwa waya wa shaba. Akaupangusa, akaupeleka kwa mama mdogo.

Sasa huyu mama, mumewe aliitwa Kicheko, mdogo wake baba yake Koplo. Siku kiwanda kinafungwa, miaka arobaini na kitu nyuma, Kicheko alitoweka. Baba yake Koplo ndiye aliyeleta habari: kamwona kwa macho yake, jioni, mashine imeshazimwa, kapanda lori la magogo na mpishi wa kantini, anapunga mkono dirishani. Watu wakahama, yeye mama akabaki. Akirudi, alisema, atanikuta wapi? Komeo la mlango wake halikuwahi kusukumwa, usiku wala mchana.

Na mlango wenyewe ulikuwa fahari ya ukoo. Mzee ndiye aliyepasua gogo la mwisho la kiwanda, peke yake, wenzake wote wakiwa kwenye foleni ofisini kuchukua barua za kuachishwa kazi. Mbao zake akamchongea shemeji yake mlango, pole ya kuachwa.

Mama mdogo akapitisha dole gumba juu ya waya.

"Mishono yangu hii. Waya ulinichoma hapa, ona kovu." Akauweka mkanda mapajani. "Kwa hiyo hakwenda kokote."

"Hakwenda, mama."

"Miaka yote hii namtukana maiti." Akafuta pua na kanga. "Mwanangu, aliyemuua mwachie Mungu. Wewe nijulie kama aliyesema kanikimbia aliona vibaya, au alijua. Kama alijua, huyo ni wangu."

Koplo hakumwangalia usoni. Labda mzee aliona vibaya, akajiambia. Lori, vumbi, jua la jioni. Akapanda baiskeli kwenda kwa dereva wa lile lori, anayeishi siku hizi barabara kuu. Kicheko na dereva walizichapa wiki ya mwisho, na mtu aliyezichapa na marehemu hulali bila kumhoji.

Saa nane mchana akamkuta anasuka kiti.

"Siku ya kufunga ulimbeba Kicheko?"

"Nilibeba masufuria na mtu mmoja. Hakuwa Kicheko."

"Mlipigana."

"Tulipigana, ndiyo. Jino hili alinitoa yeye. Sababu mpishi."

"Na mpishi yuko wapi?"

Dereva akageuza shingo. "Wewe mwanamke! Kuna polisi anakutafuta!"

Akatoka bibi kizee, povu la sabuni mpaka viwiko. "Kachelewa. Huyu alishanikamata zamani."

Koplo hakucheka. "Hukuondoka na Kicheko?"

"Kicheko yupi? Alikuwa anakuja jikoni kuomba ndimu, mkewe ana mimba, anazitamani. Hili jinga langu likadhani natongozwa. Mtoto wao mkubwa sasa, eti?"

"Mimba ilitoka," Koplo akasema. "Kwa majonzi."

Bibi akakaa chini, povu linamdondokea miguuni.

Koplo alirudi saa kumi na mbili kasoro. Akainua mkono kubisha hodi kwa mama mdogo, mkono ukagandia hewani. Kwenye kucha zake bado kulikuwa na ule unga. Mwekundu. Na mlango, mwekundu ule ule. Nyumba zote za mji ule zilikuwa za mbao nyeupe. Gogo jekundu liliingia kiwandani moja tu, hilo la mwisho.

Alikuwa bado amesimama pale mzee alipofika na mzigo wa kuni, kama kila jioni. Mama mdogo akatoka, akakaa barazani.

"Baba, baba mdogo aliondoka lini? Kabla ya gogo la mwisho au baada?"

"Baada. Mashine nilishazima. Mara ngapi nikwambie?"

"Basi unga wa gogo la mwisho umefikaje juu yake?"

Mzee akautazama mlango. Akatua kuni, moja moja, kama anapanga vyombo vya watu.

"Kengele," akasema. "Sheria ilikuwa huwashi msumeno hujapiga kengele. Tumeshafukuzwa, nikasema kengele ya nini tena? Nikawasha. Yeye alikuwa chini ya msumeno, anaokota vipande vya mbao. Vya kitanda cha mtoto."

Akanyoosha ukuni mmoja uliokaa upande.

"Wewe ulikuwa mdogo, mama yako yuko kitandani anaumwa. Nikifungwa, nani atawalisha? Nikamburuta mpaka kwenye lundo. Unga wa zamani ulishagandamana, sikuweza kumchimbia. Ndiyo nikapandisha lile gogo."

"Na mpishi?"

"Lori lilipita. Neno likanitoka. Nilijua atalia mwezi, ataolewa. Sikujua atangoja."

Mama mdogo akasema polepole, "Ukiniletea kuni, shemeji, nakupa chai. Nakwambia nimeota karudi. Wewe ulikuwa unanijibuje?"

"Nilikuwa nasema... subira."

"Subira," akasema mama.

Koplo alipiga simu kituoni. Wakamwambia kesho, gari likipata mafuta. Mama mdogo aliinuka, akaingia ndani, akaurudisha mlango. Wakasikia komeo linakwaruza, kutu imelishika. Likagoma. Kisha jiwe likaanza kugonga chuma, taratibu, mpaka komeo likaingia.

Mzee alikuwa bado anaziangalia kuni.

"Sasa nani atamletea?" akauliza.