Supu ya Sungura wa Darasani

Mama alikuwa amejifungua juzi. Alilala na kichanga chake, mwili hauna nguvu. Bibi alimpikia uji asubuhi, uji jioni. Nyama haikuwapo.

Siku hiyo binti mkubwa alirudi kutoka shule na mfuko mzito. Nyumbani walimwita Daktari, kwa jinsi alivyopenda sayansi.

"Daktari, umebeba nini?" Bibi aliuliza.

"Sungura, Bibi. Leo tulimpasua darasani. Tumeuona moyo, mapafu, hadi utumbo. Mnono, hana ugonjwa wowote."

"Wamekupa?"

"Walitaka kumfukia."

Bibi alipiga makofi. "Wafukie nyama, na hapa kuna mzazi? Hao walimu wamesoma mpaka wamepitiliza! Lete."

Aliikata, akaiosha, akaibandika jikoni na kitunguu. Harufu nzuri ilijaa nyumba nzima. Daktari alitabasamu. Leo mama yake angepata nguvu.

Mama alipopewa bakuli tu, hodi ilisikika. Aliingia jirani yao, mwanamke anayetunza maabara ya shule.

"Hongera, mzazi! Nimechelewa kuja kumwona mtoto. Nilikuwa nafukia sungura wa somo la leo. Mmoja simwoni. Naogopa paka wa watu kamchukua. Akimla, ataumwa."

Daktari alikauka. Paka ataumwa? Mama alikuwa anaipuliza supu. Daktari aliona aibu kusema, lakini bakuli lilikuwa limefika mdomoni.

"Mama, usinywe! Sungura mwenyewe ndiye huyo!"

Bakuli likashuka.

"Umeionja?" jirani aliuliza upesi.

"Hata tone. Ilikuwa ya moto."

"Mungu ashukuriwe."

Bibi hakukubali. "Nimeichemsha mpaka mifupa imeachia! Kidudu gani kitabaki humo?"

"Moto huua vijidudu, Bibi," jirani alieleza, "lakini dawa yaweza kubaki. Sungura yule hakuchinjwa. Aliuawa kwa dawa, nayo imo mwilini mwake. Tena ameshinda mezani, utumbo wazi, nzi wanatua, kila mwanafunzi anamshika. Nyama ya maabara hailiwi na mtu, wala paka, wala mbwa."

Bibi aliketi. "Kumbe mapenzi yangu yangemdhuru mwanangu."

"Hayakumdhuru. Mjukuu wako amesema kwa wakati."

Supu waliimwaga kwenye shimo la choo. Sufuria, kisu na mikono vikaoshwa kwa sabuni na maji mengi. Jirani alikwenda kwake, akarudi na mayai. Mama alikula, kisha akamvuta Daktari karibu.

"Ulitaka kunipa nguvu, ukanipa uhai. Asante, mama yangu. Na wewe jirani, miguu yako ina baraka."

Kesho yake jirani alimwambia mwalimu, "Tuliwafundisha kupasua. Hatukuwafundisha kinachofuata." Mwalimu alishukuru, akarekebisha. Tangu hapo wanafunzi huvaa glavu, hunawa kwa sabuni, na huchimba shimo refu kabla ya somo kuanza.

Somo lilipofika tena, mwalimu alimwita Daktari mbele aeleze la kufanya baada ya kupasua.

"Umekuja na chumvi?" mmoja alimtania. Darasa likaangua kicheko.

Daktari naye alicheka. Kisha akamtazama sungura aliyelala mezani.

"Huyu leo ni mwalimu wetu," alisema. "Tutajifunza kwake, tutamshukuru, tutamfukia. Mwalimu haliwi."