Mpalmu Uliokatwa Kichwa

Hebu niambie, wewe unayenisikiliza: umewahi kumpenda mtu ambaye jambo la kwanza alilokufanyia ni kukuchoma jicho kwa jani?

Emerensiana yalimkuta hayo stendi ya Mbinga, mwezi wa nane, baridi ile ya konda kuita abiria mikono ikiwa mfukoni. Alivaa sketi ya kitenge cha bluu chenye maua ya njano, kaishona mwenyewe, na sweta jekundu la vifungo. Alikuwa anakatiza kati ya magari kwenda kwenye chumba chake cha ushonaji, mkononi kopo la maziwa lenye mche wa pilipili, ndipo kijana mmoja akageuka ghafla na mti begani.

“Mama yangu, jicho!”

“Samahani, dada, samahani sana. Hebu nione.”

“Utaona nini na mti umekuziba uso? Huu mti au ufagio?”

Kijana akautua. Alikuwa mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, ila ndala zake bado zina mchanga wa ziwani. “Ni mpalmu, wa mapambo. Naupeleka nyumba ya wageni, wanauweka mapokezi.”

“Unazaa nini?”

“Hauzai. Unapendeza tu.”

“Kumbe kazi yake kuchoma watu macho.”

Kijana akacheka mpaka mpalmu ukacheka naye. Aliitwa Kilian, ana kitalu cha miche Mbamba Bay, kule chini ziwani. “Na hicho kikopo chako?”

“Pilipili. Miezi mitatu tu, naila.”

“Mimi huu miaka mitatu bado nauita mtoto.”

Hapo ndipo ugomvi wao ulipoanzia, ingawa siku hiyo waliuona ni utani.

Mwezi uliofuata Kilian alipanda tena Mbinga na kumletea mpalmu mdogo kwenye chungu, shina moja tu, limenyooka kama mshumaa. “Usiuweke juani, Eme. Weka karibu na dirisha. Maji mpaka uone udongo wa juu umekauka. Usiusumbue.”

Emerensiana naye akampa mche wa pilipili ndani ya kiriba cha plastiki. “Huu kinyume chake. Jua kutwa nzima, samadi, maji usiuonee huruma. Ukifika shubiri moja, uvunje ncha.”

“Niuvunje?”

“Uvunje, utoe matawi. Usipoutia adabu utakuletea majani tu.”

Kilian akaitikia ndiyo. Ila yeye hakumwambia Emerensiana asiukate mpalmu, maana kule kwenye kitalu chake hakuna mwenye akili anayewaza kuukata mpalmu kichwa, kama ambavyo humwambii mgeni asile sabuni.

Wakaanza kupigiana simu. Kila jioni akimaliza kushona, Emerensiana anafunika cherehani, anasubiri.

“Mpenzi, umekula?”

“Nimekula. Sasa Kilian, sisi?”

“Sisi tupo, Eme wangu. Tulia kidogo.”

“Tulia mpaka lini?”

“Aa, jamani! Pilipili wewe!”

Emerensiana anacheka, lakini simu ikikatwa hatulii. Anageuza chungu cha mpalmu, anakirudisha kilipokuwa. Anafumua pindo alilokwisha kushona vizuri. Alichokitaka alikijua: Kilian alete wazee wake kwa baba yake, kijijini Matiri. Kukisema alishindwa. Binti wa watu anaanzaje kusema neno kama hilo? Akawa anasubiri mwanamume alione mwenyewe, na mwanamume anaona mipalmu.

Mavuno ya kahawa yalipokwisha akaenda Matiri kumsaidia baba yake kupogoa. Siku tatu alishinda shambani, mbuni hadi mbuni, akikata vichwa vilivyokimbilia juu ili miti itoe matawi na izae. Kwao ndivyo mti unavyopendwa. Akarudi Mbinga mikono bado ina kazi, akautazama mpalmu wa Kilian: mwembamba, peke yake, hauna hata tawi.

“Maskini,” akauambia. “Huna mtu wa kukushughulikia.”

Akachukua mkasi wa kukatia vitambaa, akaukata kichwa. Kisha akaufuta majani kwa kitambaa chenye maji, akijisemea kwamba Kilian akija ataukuta umechanua kama mwavuli.

Wiki mbili, hakuna tawi. Wiki sita, majani yakaanza kukauka kuanzia ncha. Akausogeza nyuma ya mlango.

“Mpalmu wetu haujambo?” Kilian anauliza kwenye simu.

“Haujambo. Unakusalimia.”

Mwezi wa kwanza, mwaka mpya, Kilian akapanda Mbinga bila taarifa. Emerensiana alikuwa sokoni kununua nyuzi. Kilian alimkuta Luisa, mshonaji mwenzake Eme. Akaona chungu nyuma ya mlango, akainama, akashika shina. Limekatwa sawasawa, kwa chuma.

“Shemeji, nani kakata hapa?”

“Mwenyewe,” Luisa akajibu, hana habari. “Kwa mkasi ule pale.”

Kilian akainuka. Akaweka mezani mfuko wa usipa, dagaa wakavu wa ziwani, akaondoka.

Emerensiana alipiga simu mara nne, iliita tu. Baadaye ukaja ujumbe: “Kama hunitaki ungeniambia. Mti ungeuacha.”

“Sasa mtu anakasirikia kupogoa?” Emerensiana alimuuliza Luisa.

“Mimi nijue? Kamuulize mwenyewe, wewe! Utakufa na hiyo simu mkononi.”

Asubuhi Emerensiana akapanda gari la abiria, Noa ya kwanza kushuka ziwani. Kila kona ya mlima alikuwa anasogea ukingoni mwa kiti kama vile yeye ndiye anayesukuma gari. Ziwa lilipotokea kule chini, pana na la bluu, sweta lilikuwa limeshamshinda kwa joto, amelikunja mapajani.

Kilian alikuwa ndani ya kitalu, chini ya kivuli cha nyavu, anapanga viriba.

“Umekuja kuchukua nini?”

“Salamu kwanza, baba. Nimekukosea nini?”

“Ukiukata mpalmu kichwa, Eme, umeuua. Una kichwa kimoja tu, hautoi kingine. Ule haurudi tena. Kila mtu anajua.”

“Kila mtu wa wapi? Sisi Matiri mti tusioupenda ndio hatuukati!” Akashusha sauti. “Niliukata ili upendeze. Nikauona unakufa, nikaogopa kukuambia.”

Kilian akarudi kwenye viriba vyake. Emerensiana akapepesa macho huku na huku asije akalia, ndipo akauona mche wake. Ulikuwa kwenye pembe ya ndani kabisa, kivuli kizito, umefungwa kwenye kijiti kwa uzi. Umefika kiunoni, mwembamba, majani mapana. Hauna hata ua moja.

“Kilian! Hii ndiyo pilipili yangu?”

“Nimeitunza,” akasema kwa unyonge. “Jua kali hapa. Na ile ncha... sikuweza, mkono ulikataa.”

Emerensiana akaunyanyua, akautoa nje, akauweka mchangani juani. Akashika ncha kwa kucha mbili.

“Eme, usi—unaiua!”

“Nyamaza, baba.” Tap! Akaitupa ncha miguuni pake.

Kilian akaiangalia ile ncha. Akamwangalia aliyeikata. Akakaa chini juu ya ndoo, akaanza kucheka, mkono kwenye paji la uso. “Kumbe ulikuwa unanipenda, na mkasi mkononi.”

“Na wewe ulikuwa unanipenda ukanificha kivulini. Tulia, Eme. Subiri, Eme. Mimi si wa hivyo.”

“Basi wewe unataka nini? Hujawahi kuniambia.”

Upepo wa ziwa ukampeperushia sketi. Jasho lilimtoka, na halikuwa la joto peke yake.

“Nataka uje Matiri na wazee wako kabla ya Kwaresima, umwambie baba yangu unanioa. Na cherehani yangu nitashuka nayo, Kilian. Utaniwekea pale nje, penye jua.”