Aliyewapiga Picha Mlimani

Delaney ni mtoto wa jirani yetu hapa Dayton, Marekani, na haya alinisimulia mwenyewe jikoni kwangu, mchana kweupe, akiwa amechagua kiti kinachotazama mlango.

Alipokuwa mwaka wa tatu chuoni alikwenda kusoma muhula mmoja Santiago, kule Hispania, pamoja na Corinne, rafiki aliyekaa naye chumba kimoja tangu walipoanza masomo. Mama yake Corinne hakutaka kabisa mtoto aende. Alikubali shingo upande, baada ya Delaney kumshika mkono pale uwanja wa ndege na kumwambia, "Nitakurudishia mwanao mzima."

Walipanga kwa mjane mmoja, doña Obdulia, yaani Bi Obdulia, mpishi wa supu ya kabichi kila siku iendayo kwa Mungu. Masomo yenyewe hayakuwatoa jasho. Kilichowapeleka ng'ambo, tusidanganyane, ni wikendi. Ijumaa kipindi kikiisha tu, begi mgongoni, basi la kwanza, popote linapokwenda.

Jumamosi moja ya Novemba basi liliwashusha kwenye kijiji cha mlimani chenye kanisa kuukuu la mawe. Ukungu ulikuwa umetanda ingawa ilikuwa alasiri. Delaney akatoa simu wapige picha mbele ya kanisa.

"Usipige wewe," Corinne akasema. "Kila siku unanikata paji la uso."

"Paji lenyewe haliingii, Corinne. Tutafute mtu asimame mbali."

Mtu akatokea. Alikuwa kijana, lakini amekonda mashavu yameingia ndani, na alitembea peku katika baridi ile. Alibeba mti mrefu wenye msalaba juu. Santiago ni mji wa mahujaji, na wenye fimbo wamejaa kila njia, kwa hiyo wasichana hawakushtuka. Delaney ndiye aliyemwita. "Samahani, kaka, utatupiga picha?"

Kijana akaitazama simu. Akautazama mti wake. Hakuuweka chini.

"Lete nikushikie," Corinne akasema, mkono tayari umenyooshwa. Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Mtu akielemewa unampokea, huulizi.

Kijana akanong'ona, "Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu, kaka. Lete."

Akampa. Akapiga picha moja, machozi yakimtiririka. Kisha akaiweka simu juu ya ukuta, akateremka mlima mbio bila kugeuka nyuma. Wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Corinne akauegemeza ule mti kwenye ukuta wa kanisa, wakaliwahi basi.

Siku ya pili yake Corinne aliamka na matope miguuni. Hakukumbuka kutoka. Asubuhi iliyofuata, matope tena, na kucha moja imeng'oka. Wiki haikwisha, suruali zikaanza kumvuka. Daktari wa chuo alisema ni upweke wa ugenini, akampa vidonge. Delaney akawa anafunga mlango kwa ufunguo na kuulalia ufunguo chini ya mto. Matope hayakukoma.

Doña Obdulia aliyaona alipokuwa akipiga deki. Akaacha deki palepale.

"Mlipokea kitu cha mtu?" akauliza.

Delaney akamweleza. Mama yule akafunga dirisha kwanza, ndipo akasema kwa sauti ya chini.

"Wafu wa huku hutembea, mwanangu. Ila mbele yao lazima atangulie mtu hai, abebe msalaba."

"Mpaka lini?"

"Mpaka apate wa kumpokea. Au mpaka aishe."

Delaney ndiye aliyeahidi. Ni yeye aliyemwita yule kijana. Akaapa kwamba safari hii hatalala.

Kabla ya mapambazuko Corinne aliinuka. Macho yalikuwa wazi. Mlango uliofungwa ulimfungukia. Delaney akamfuata kwenye ngazi, peku, akishika ukuta. Corinne akatoka nje. Delaney akasimama kizingitini.

Mti ule ulikuwa mkononi mwa Corinne. Uleule.

Barabara yote ilikuwa ukungu. Ndani ya ukungu palikuwa na harufu ya mishumaa iliyotoka kuzimwa. Delaney hakuona mtu mwingine. Alisikia kupumua. Kwingi.

Corinne akageuka. Safari hii alikuwa macho kabisa, anamjua.

"Dee," akanong'ona. "Usisogee. Ukisogea nitakupa. Siwezi kujizuia."

Mkono wake ulikuwa umeshaanza kunyooka. Aliushika kwa ule mwingine, akaurudisha. Ukanyooka tena.

"Funga mlango, Dee."

Delaney alimpenda Corinne kama dada wa tumbo moja. Angeweza kupiga hatua moja tu. Aliniambia hivyo mara nyingi, akilia: hatua moja tu.

Akafunga mlango.

Corinne hakuonekana tena. Polisi walitafuta, mama yake akaja, akakaa mpaka pesa zikamwishia. Hakumlaumu Delaney kwa neno lolote. Alimwuliza tu kama mwanawe alivaa koti.

Delaney akarudi kwao, akamaliza chuo, akapanga nyumba ndogo mtaani kwetu. Theluji ya kwanza ilipoanguka aliona nyayo za mtu peku barabarani, na pande zote mbili za nyayo hizo, kwa safu, matone ya nta. Ziliishia mkabala na nyumba yake, kisha zikarudi zilikotoka. Mwaka uliofuata zilifika uani. Mwaka jana, ngazi ya chini. Kila mara zilikuwa zimekaa pale muda mrefu, mpaka theluji ikayeyuka chini ya visigino, kama mtu anayeshindana na nafsi yake. Na kila mara zilirudi.

Jana asubuhi Delaney alinipigia simu. Nikavuka na viatu vya ndani. Nyayo zilikuwa zimepanda ngazi zote mpaka mlangoni, vidole vimegusa mbao. Niligusa nta kwenye kizingiti, bado ilikuwa laini.

Tulizunguka nyumba nzima, mimi na yeye, tukitafuta nyayo za kurudi. Hazikuwapo.