Aliyebaki Kwenye Nguzo

Jioni ile nilirudi ofisini kufuata mwavuli tu. Nikakuta kompyuta imemaliza kuunganisha picha za kanisa.

Kanisa lenyewe lilianguka mwaka jana kwa mvua. Mke wangu alikuwa ndani akideki. Kifusi kilizolewa chote, yeye hakupatikana. Tangu siku hiyo moyo wangu umekufa ganzi. Msanifu wa majengo, bosi wangu, hunitania kwamba hata nikiambiwa dunia inaisha kesho nitajibu, "Sawa." Ndiyo maana alinipa kazi hii bila wasiwasi: kulijenga upya kwenye kompyuta, kwa picha walizoleta waumini, za harusi na ubatizo wa miaka na miaka.

Kompyuta hubakisha kile kinachoonekana palepale kwenye kila picha. Nguzo, madirisha, madhabahu. Watu hupita tu, kwa hiyo hufutika wenyewe.

Lakini kwenye nguzo ya mwisho alibaki mtu.

Amepiga magoti, amenipa mgongo. Nikapekua picha moja moja. Hapakuwa na mtu pale, hata kwenye moja. Nikasogeza karibu... kitambaa kichwani, bega la kushoto limeshuka kidogo. Harufu ya chokaa mbichi ikajaa chumbani.

Alikuwa mke wangu.

"Mfute," sauti ilinong'ona nyuma yangu.

Alikuwa Msanifu. Jasho lilimtoka. Akasema wazee wa kanisa wanakuja asubuhi, na wakimwona huyu kazi imekwisha, maana tangu zamani wanasema jengo lile lina wenyewe.

"Mimi nimejaribu, nimeshindwa," akasema. "Mtu hafuti mama yake."

Mama yake alizikwa zamani sana. Nilitaka kumwambia kwamba yule si mama yake. Nikapeleka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Kama kweli alikuwa mke wangu, basi pale ndipo mahali pekee alipobaki. Kidole kiliganda juu ya kitufe. Nikangoja niumie, angalau kidogo. Sikuumia.

Nikabonyeza.

Kabla hajapotea, aligeuka.

Hakuwa na uso. Palikuwa laini tu, kama ukuta uliopigwa lipu jana.

Tulizima taa, tukatoka. Msanifu alisimama mlangoni ameshika kipaji cha uso, akaniuliza taratibu kama nakumbuka mama yake alikuwa mweusi au maji ya kunde.

Nyumbani binti yangu alinifungulia. Watu wote husema ni mama yake mtupu. Nikamshika kidevu, nikamgeuzia kwenye taa, nikamtazama mpaka akaanza kulia.

Sikuweza kuukumbuka uso aliofanana nao.