Pumzi Ndani ya Kabureta

Wapo wanaosema jini hukaa kisimani au kwenye nyumba iliyohamwa. Hao hawajafungua kabureta, pale injini inapovutia hewa na petroli. Hili nilijualo lilikaa kwenye gari la zamani la mbio, la viti viwili, lililoletwa gereji kwa sababu likisimama tu mlio wa injini hupanda na kushuka, vuu, vuu, kama mtu aliyekimbizwa.

Fundi wake aliitwa Dakika Mbili, maana hakukubali kwamba ipo kazi inayozidi hapo. Alikaza mipira ya hewa, akabadilisha plagi, akageuza skrubu ya kabureta mpaka ikachoka. Wapi. Akaifungua. Gari lilikuwa limelala baridi tangu jana, lakini kabureta ndani ilikuwa vuguvugu na yenye unyevu, kama kinywa cha mtu.

Mwenye akili angeishia hapo.

Mafundi huzibua jeti, kile kijiskrubu cha shaba chenye tundu la kupitishia petroli, kwa kupuliza kwa mdomo. Yeye alikuwa na kidonda mdomoni, akamwita mkewe, mshonaji wa chumba cha pili.

"Nipulizie, mama watoto. Pumzi unazo, kila siku zinanifokea."

"Na wewe maneno unayo, bwana Dakika Mbili. Lete."

Akapuliza, kisha akashtuka. "Mbona imenivuta?"

Mkewe akarudi kushona, fundi akabaki akicheka. Akairudisha jeti, akawasha, injini ikatulia kidogo. Akazima. Chumba cha pili cherehani ikanyamaza, kikafuata kishindo. Alimkuta mkewe chini, midomo imegeuka rangi, kifua hakiendi. Wazo lililomjia lilimfanya ajione kichaa, lakini alikimbia akawasha gari, na kule ndani mwanamke akavuta pumzi.

Injini ikaanza tena kupanda na kushuka. Kifua kikaifuata.

Mama mkwe, mtoa majini wa mtaa ule, alipofika kwa wito wa majirani alimkuta fundi ameshikilia waya wa kuongezea mafuta, jasho linamtiririka, mshale wa petroli umelala penye sifuri.

"Mama, nitaongeza petroli."

"Utaongeza mpaka lini? Pumzi ya mwanangu imo kwenye jeti. Ilitoka kwa mdomo, irudi kwa mdomo."

"Kuitoa lazima nizime."

"Miaka yote unatutambia dakika mbili, baba," akanong'ona. "Leo tuoneshe."

Akazima, na katika ukimya ule ambao hata nzi hakuthubutu kuutoboa alifungua skrubu moja, ya pili ikamponyoka ikabingirika chini ya gari, akaifuata kwa tumbo, akarudi, bakuli la kabureta likamchoma vidole naye asilihisi, huku kwa mlango akiiona miguu ya mkewe imetulia mno, na mama mkwe akisema taratibu, harakisha baba, harakisha, mpaka jeti ikatoka, akakimbia nayo, akaipachika kati ya ile midomo ya baridi.

Mwanamke akanyonya. Akafumbua macho.

Fundi akalia kama mtoto, akamkumbatia. Harufu ya petroli ikampiga. Kifua alichokikumbatia kilikuwa kinapanda na kushuka, vuu, vuu, bila mpango.

Na kule gereji, gari lisilo na ufunguo wala jeti likawaka lenyewe, likatulia tuli, laini kama mtu aliyelala.

Mama mkwe akarudi nyuma hadi ukutani.

"Mke wangu," fundi akanong'ona. "Niite ulivyozoea."

Mwanamke akamtazama kama mteja anavyomtazama fundi.

"Asante, fundi," akasema. "Kazi nzuri."