Tufani Si Upepo wa Kuokotea Nazi

Watu wa kijiji chetu cha Munje walisema mtoto Mwanarusi aliuawa na jini wa mnazi. Neno hilo nililisikia kisimani, nikalisikia tena dukani, likanikaa rohoni, kwa sababu binti yangu Mwanapili alikuwa naye siku ile.

Kwetu, nazi iliyoanguka yenyewe ni ya aliyeiokota. Ndiyo maana upepo ukivuma, watoto hukimbilia minazini na vikapu. Asubuhi ile redio ilitangaza tufani. Kabla sijaenda kumtazama mgonjwa kule Msambweni, nilimkataza Mwanapili kutoka nyumbani. Nilipoondoka, Mwanarusi akapita na kikapu, akamcheka Mwanapili kwamba amejificha kama kifaranga.

"Redio imesema tufani," Mwanapili akamwambia.

"Si upepo tu huo? Ukiwa mkubwa, nazi ndiyo zitakuwa nyingi. Njoo, mwoga wee."

Wakaenda. Ardhi ilikuwa imelowa kwa mvua ya usiku kucha. Upepo ukaipeperusha leso ya Mwanapili, naye akaikimbilia. Alipogeuka, mnazi ulikuwa umeng'oka na mizizi yake, na Mwanarusi yuko chini yake.

Baada ya maziko, Mwanapili hakula vizuri wala hakwenda shule. Alidhani jini atamrudia yeye. Nikampeleka kwa Bi Zainabu, mamake Mwanarusi. Mwanangu akamwamkia, akamweleza yote waliyoambiana.

Bi Zainabu alimkalisha mkekani, akamshika mkono.

"Mwanangu hakuuawa na jini," alisema polepole. "Upepo huangusha nazi. Dhoruba huezua makuti. Tufani hung'oa mnazi wenyewe, na nyumba pia. Mwanarusi alilisikia neno, ila hakujua uzito wake. Wewe sasa unaujua. Waambie wenzako."

Mwanapili akalia, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Jumatatu akarudi shule. Kijiji nacho kikakubaliana kwamba nazi zilizoangushwa na tufani haziokotwi mpaka watu wazima waikague minazi.

Basi nanyi watoto, mkisikia tufani imetangazwa:

Msiende minazini, hata kama nazi zimejaa chini.

Msijikinge mvua chini ya mti wowote.

Msiguse nyaya wala mabati yaliyoanguka.

Msiende ufuoni kutazama mawimbi.

Msitoke eti kwa kuwa upepo umetulia kidogo. Ngojeni mtu mzima aseme.

Msimcheke mwenzenu anayekataa kutoka.